Pumba, mashudu au dagaa: shilingi yako inanunua nini?

Ingia duka lolote la vyakula vya mifugo, iwe Kibaha, Singida mjini au Tengeru, utakuta mpangilio unaofanana. Viroba vya pumba za mahindi viko mlangoni kwa sababu ndivyo vinavyotoka haraka. Mashudu ya alizeti yamepangwa ukutani, dagaa wa kuku amesukumwa kona ya nyuma kwa ajili ya harufu, na chokaa imebaki pale ilipotuliwa na mbebaji. Mteja anauliza bei ya kila kimoja, anapiga hesabu kichwani, na mara nyingi anaondoka na pumba. Haishangazi. Ukiiondoa chokaa, pumba ndiyo yenye bei ndogo kuliko vyote kwa kilo.

Hesabu hiyo ya kilo ndiyo inayomtia hasara. Tuifanye upya, kwa bei za mfano, maana bei halisi hubadilika kila mwezi na kila mkoa. Chukua njia ya kukokotoa, bei weka za dukani kwako. Tuseme kilo ya pumba za mahindi ni shilingi 600, mashudu ya pamba 800, mashudu ya alizeti 900, mashudu ya soya 2,200 na dagaa 2,500.

Pumba za mahindi zina protini ya asilimia 9 hadi 12, tuchukue 10. Maana yake, ili upate kilo moja ya protini lazima ununue kilo kumi za pumba, yaani shilingi 6,000. Mashudu ya alizeti yanayotoka kwenye mashine ndogo za kukamua, pamoja na maganda yake, yana protini ya kati ya asilimia 20 na 29. Tukiweka 25, kilo ya protini ni shilingi 3,600. Mashudu ya pamba yasiyomenywa yako hapo hapo kwenye robo, kwa hiyo ni shilingi 3,200. Dagaa msafi hufika asilimia 60, na protini yake inatoka kama 4,170. Mashudu ya soya, yenye asilimia 44, yanatoka 5,000.

Kumbe protini ghali kuliko zote dukani ni ile iliyo kwenye kiroba cha bei chee. Anayemlisha kuku wa mayai pumba tupu akidhani anabana matumizi ananunua protini kwa bei inayompita hata anayenunua dagaa.

Tuitendee pumba haki, lakini. Hakuna mfugaji mwenye akili timamu anayeinunua kwa ajili ya protini. Kazi yake ni kutoa nguvu, na kwa ng'ombe inaifanya vizuri, hasa ikiwa imetoka kwenye kinu kinachoondoa kiini cha mahindi pamoja na ganda, maana kiini ndicho chenye mafuta. Kosa ni kuigeuza pumba kuwa chakula kizima.

Sasa swali la pili, ambalo wauzaji wengi hawaulizi: unamlisha nani? Tumbo la ng'ombe na tumbo la kuku ni viwanda viwili tofauti. Ng'ombe, mbuzi na kondoo wana tumbo kubwa la kwanza lenye vijidudu wasiohesabika. Vijidudu hao huvunja protini yoyote inayoingia, nzuri au hafifu, kisha hujijengea protini yao wenyewe. Wakisukumwa mbele, mnyama anawameng'enya. Kwa hiyo ng'ombe hachagui sana aina ya protini, na hoja ya bei inabaki pale pale: nunua ile inayotoka nafuu kwa kilo ya protini. Kwake alizeti na pamba hazina mpinzani.

Kuku hana kiwanda hicho. Protini anayoila ndiyo atakayoitumia, na protini imejengwa kwa vipande vinavyoitwa amino asidi. Kipande kimoja kikipungua, vingine vinapotea bure, na yai halijengeki. Kwenye chakula chenye mahindi mengi, kinachopungua mara kwa mara ni lisini. Mahindi yana kidogo, na alizeti nayo haina ya kutosha, ingawa ina methionini nzuri kuliko soya. Dagaa na soya ndio matajiri wa lisini.

Rudia hesabu kwa lisini uone mambo yanavyogeuka. Kilo ya mashudu ya alizeti ina lisini kama gramu 9. Kwa shilingi 900, kila gramu ni shilingi 100. Mashudu ya soya yana gramu 27 hivi, kila gramu shilingi 81. Dagaa msafi ana karibu gramu 45, na gramu inatoka shilingi 56 tu. Yule aliyeonekana ghali kwenye kilo, wa kati kwenye protini, ndiye nafuu kuliko wote kwenye kitu ambacho kuku anakihitaji hasa. Ndiyo maana wafugaji wa siku nyingi hawamtoi dagaa kabisa kwenye mchanganyiko hata anapopanda bei, wanampunguza tu. Hawamzidishi pia. Akipita kilo kumi kwenye mia, nyama na mayai huanza kunuka samaki, na mteja wa trei hasahau.

Alizeti ina kikwazo kingine kwa kuku, nacho ni maganda. Mashudu ya mashine ndogo hubeba nyuzinyuzi zinazokaribia au kupita robo ya uzito wake, na kuku hawezi kuzimeng'enya. Anashiba kabla hajapata nguvu ya kutosha. Kuku wa mayai hula gramu 110 hadi 120 kwa siku, basi. Ukimjazia maganda humo, hana mahali pa kufidia. Kilo 10 hadi 20 za mashudu hayo kwenye kila 100 za mchanganyiko zinatosha, na kwa vifaranga nenda chini zaidi. Ukibahatika kupata mashudu yaliyomenywa maganda kabla ya kukamuliwa, ambayo protini yake hupita asilimia 35, hayo ni bidhaa nyingine na yanastahili bei nyingine.

Hesabu zote hizi zinadhani kwamba kilichoandikwa kwenye kiroba ndicho kilichomo. Tuje kwenye mchanga.

Dagaa wengi wa mifugo hutoka Ziwa Victoria, na wale wanaoanikwa chini ufukweni huzolewa pamoja na ufukwe wenyewe. Waliokaushwa kwenye vichanja au nyavu huwa wasafi, na bei yao hupanda kwa sababu hiyo. Chukua konzi ya dagaa, tia kwenye ndoo ya maji, koroga, mwaga dagaa taratibu, tazama kilichobaki chini. Kwenye mia moja ukikuta kilo 20 za mchanga, protini imeshuka kutoka 60 hadi 48, na kilo ya protini imepanda kutoka 4,170 hadi 5,200, yaani amekwishaipita soya. Kwa lisini bado anaongoza. Lakini mchanga ukifika theluthi, hata huko soya inampiku. Kwa hiyo kubishana na muuzaji juu ya shilingi 100 za bei huku hujaangalia mchanga ni kupoteza pumzi.

Kwa pumba za mpunga udanganyifu uko kwenye kinu chenyewe, na mara nyingi hauna hata nia mbaya. Mashine zinazotenganisha ganda na unga laini hutoa polishi yenye protini ya asilimia 12 hadi 14 na mafuta mengi, chakula kizuri sana. Mashine za zamani zinazokoboa mara moja hutoa vyote pamoja, ganda na polishi. Ganda la mpunga peke yake lina protini ya asilimia 3 hivi. Sehemu kubwa iliyobaki ni nyuzi ngumu na silika, ambayo kimsingi ni mchanga. Wanaojua hutumia kiganja. Polishi safi hubanana ukiikamata na huacha mafuta vidoleni. Yenye maganda huchoma na kumwagika kama machujo ya mbao. Ukiimimina majini, maganda huelea. Wauzaji wengi huziita zote mbili pumba za mpunga na tofauti ya bei huwa ndogo mno kuliko tofauti ya lishe, kwa hiyo hapa mnunuzi mwenye macho anapata faida ya bure.

Kuna wizi mwingine ambao kiganja hakiuoni. Maabara haipimi protini moja kwa moja. Inapima naitrojeni, kisha inazidisha kwa 6.25. Njia hiyo ilitolewa mwaka 1883 na Johan Kjeldahl, mkemia wa maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg huko Copenhagen, na hadi leo msingi wake unatumika. Mbolea ya urea ina naitrojeni asilimia 46. Zidisha kwa 6.25, unapata 287. Kilo moja tu ya urea kwenye mia ya chakula hafifu inapandisha karatasi ya maabara kwa karibu pointi tatu, na kuku hapati chochote. Ng'ombe anaweza kutumia urea kidogo iliyochanganywa kwa uangalifu, lakini ikibaki mabonge mabonge inaua.

Ukishuku, kuna kipimo cha jikoni. Soya mbichi ina kimeng'enya kinachoivunja urea na kutoa amonia. Saga soya mbichi kidogo, changanya na chakula unachokishuku kwenye chupa, tia maji ya uvuguvugu, funga, subiri kama nusu saa, fungua unuse. Harufu kali ya mkojo uliolala ni dalili kwamba kuna urea. Kipimo hicho hicho kinafanya kazi ukikigeuza: chukua soya uliyoikaanga mwenyewe, tia chembe za mbolea ya urea na maji ya uvuguvugu. Ikinuka amonia, soya haijaiva, na kama haijaiva bado ina vizuizi vinavyomzuia kuku asimeng'enye protini. Soya mbichi, hata ikiuzwa nusu bei, kwa kuku ni hasara.

Turudi kwa ng'ombe, ambako mambo ni mepesi na pesa inayookolewa ni kubwa. Kuna mchanganyiko unaozunguka vijijini, wa pumba 70 na mashudu 30. Kwa bei zetu za mfano, kilo 100 zinagharimu shilingi 69,000 na zina protini ya asilimia 14.5. Ukienda 60 kwa 40, gharama ni 72,000 na protini 16. Kwa nyongeza ya shilingi 30 kwa kilo umepata pointi moja na nusu, na kwa ng'ombe anayetoa lita 10 au zaidi ningelipa bila kusita. Kwa anayetoa lita nne ni fedha za kutupa. Huyo apewe majani bora kwanza. Michanganyiko yote miwili iongezewe chumvi na madini, kwa sababu pumba zina fosforasi nyingi na kalsiamu karibu hakuna, na maziwa yanaondoka na kalsiamu kila siku.

Kanda ya Ziwa, Shinyanga na Simiyu hasa, mashudu ya pamba huchukua nafasi ya alizeti. Kwa ng'ombe mzima, kilo mbili tatu kwa siku hazina tatizo. Ila pamba ina gosipoli, sumu ya asili ya mbegu, ambayo vijidudu wa tumbo kubwa huidhibiti lakini kuku, nguruwe na ndama hawawezi. Ndama ambaye hajaanza kucheua vizuri asipewe. Kuku wa mayai akiila, viini vya mayai vikikaa stoo hugeuka rangi ya zeituni, na hakuna mama lishe atakayenunua mara ya pili. Tofauti ya shilingi 100 kati ya pamba na alizeti ni faida kwa mwenye ng'ombe tu. Anayefuga ng'ombe na kuku uani pamoja, huku akina dada au vijana wa kazi wakichota popote, afadhali abaki na alizeti.

Machicha ya bia yana mvuto wake kwa walio karibu na viwanda, Dar es Salaam, Mwanza, Arusha, Mbeya. Bei yake inachekesha: tuseme 150 kwa kilo. Lakini kilo mia moja za machicha mabichi ni maji kilo 78. Zilizobaki 22 zina protini ya robo, yaani kilo tano na nusu. Kilo ya protini inatoka shilingi 2,730, nafuu kuliko yote niliyotaja. Sasa ongeza usafiri. Ukilipa 8,000 kufikisha hizo kilo mia nyumbani, protini imepanda hadi 4,180 na alizeti imekushinda, kwa sababu sehemu kubwa ya nauli umelipia maji. Kwenye joto la pwani huanza kuharibika baada ya siku mbili tatu, isipokuwa ukiyashindilia kwenye pipa lisilopitisha hewa. Kwa anayeishi kilomita chache kutoka kiwandani, achukue. Wa mbali asidanganywe na bei ya lango.

Molasi mara nyingi huuzwa kama dawa ya maziwa. Ni sukari: asilimia 3 au 4 tu za protini. Inafaa kunyunyizia mabua makavu ili yaliwe, na kazi yake iishie hapo. Mashudu ya mise ya Kigoma, mbegu za mawese, yana asilimia 14 hadi 18, yanakwaruza mdomoni, na ng'ombe huyazoea taratibu. Yakipatikana kwa nusu ya bei ya alizeti ni mazuri, zaidi ya hapo yaache. Machicha ya nazi ya jikoni wape kuku wa kienyeji wadonoe, usiyaingize kwenye hesabu yoyote.

Halafu kuna protini isiyouzwa dukani. Mabua ya mahindi yana asilimia 3 hadi 5, na chini ya 7 hivi vijidudu wa tumbo la ng'ombe wenyewe wanakosa chakula, ndiyo maana ng'ombe anashinda kwenye lundo la mabua na bado anakonda. Majani ya karanga baada ya kuvuna yana 10 au zaidi. Marando ya viazi vitamu, yakihesabiwa makavu, hufika 15. Lukina ndiyo mfalme wao: majani makavu yana protini ya robo, sawa na mashudu ya alizeti. Kilo tatu au nne za majani mabichi zinakaa mahali pa kilo moja ya mashudu, kwa hiyo kila zigo la kilo 15 unalokata ukingoni mwa shamba lina thamani ya karibu shilingi 4,000 kwa bei zetu. Piga hesabu hiyo kabla hujasema huna muda wa kukata. Isipite theluthi ya chakula, kwa kuwa ina sumu iitwayo mimosini, na farasi na punda huiona haraka zaidi: hunyonyoka nywele za shingo na mkia.

Jambo la mwisho ni wakati wa kununua, na hapo ndipo naona fedha nyingi zinapotelea. Alizeti ya kanda ya kati, Singida na Dodoma, huvunwa kuanzia Mei hadi Julai. Mashine zinapokamua kwa wingi, mashudu hujaa. Miezi ya mwanzo wa mwaka hupungua, na malori ya viwanda vya Kenya, ambavyo hutegemea sana mashudu ya Tanzania na Uganda, yanayagombea. Mwenye ng'ombe wawili wanaokula kilo nne nne za mchanganyiko wa 60 kwa 40 anahitaji mashudu kilo 3.2 kwa siku, kama kilo 576 kwa miezi sita. Akiyanunua Julai kwa 700 badala ya Januari kwa 1,000, tofauti ni shilingi 172,800. Wanne wakichanga wakaagiza tani mbili na zaidi pamoja, wanaweza kupima sampuli moja kwenye Wakala wa Maabara ya Veterinari au Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, gharama ikagawanyika. Na wanunue kwa mizani, maana kiroba kilichovimba na kiroba kilichonywea vyote huitwa kiroba.

Polishi usiiweke akiba namna hiyo. Mafuta yake huanza kuchacha mara inapotoka kinuni, na baada ya wiki chache inanuka kama mafuta ya taa ya zamani. Nunua ya kutumia mara moja.

Mashudu yanayowekwa yawe makavu, juu ya mbao, mbali na ukuta. Hapa sina masihara. Mwaka 1960 zaidi ya bata mzinga 100,000 walikufa Uingereza kwa ugonjwa usiojulikana, na chanzo kilipotafutwa kilikutwa kwenye mashudu ya karanga yaliyoagizwa kutoka Brazil. Hivyo ndivyo sumukuvu ya aflatoksini ilivyogunduliwa. Karanga na mahindi ndizo zinazoongoza kwa kuibeba, na mashudu ya pamba na alizeti hayajasalimika. Ng'ombe anayekula chakula chenye sumu hiyo haonyeshi chochote kwa muda mrefu, lakini sehemu yake hupita kwenye maziwa. Mahindi yaliyooza yanayouzwa kwa nusu bei "ya kuku" ni ya kukataa, hata kama jirani anayanunua kila wiki na kuku wake wanatembea. Kiroba ulichokifungua ukakuta mabonge ya ukungu, kirudishe siku hiyo hiyo. Usikubali ushauri wa kukianika: jua linakausha, kuvu inaacha kuota, na sumu iliyokwisha kutengenezwa inabaki humo humo.